Njia Ina Matope

S.L.P. 41,
Malaba.
Alhamisi, 15 Februari 1996.

Mpendwa mdogo wangu Paulinus,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Malaba. Hujambo? Sheilah na watoto je? Najua baridi ya Nakuru haina huruma. Mimi niko, miguu tu ndiyo inalalamika. Huku ni jua kali, tangu Krismasi hatujaona hata tone la mvua.

Paulinus, sitakuficha. Mpwa wako Gentrix hainuki tena kitandani. Mwaka juzi ulimwona akiongoza kwaya, sauti ikifika hadi kule malori yanapopanga foleni. Sasa namgeuza mimi mwenyewe. Hospitali wameturudisha nyumbani. Ni ule ugonjwa unaoujua, mkono wangu unakataa kuuandika.

Lakini kinachonimaliza ni kingine. Unaijua jumuiya yetu. Kila Alhamisi jioni watu wanabeba sanamu ya Mama Maria nyumba hadi nyumba, wakiimba njia nzima, na inakaa kwako wiki moja. Misa naipenda na padre namheshimu, lakini kilichonifunga kanisani miaka yote hii ni ule wimbo unaokuja mpaka mlangoni kwako. Baba alipokufa walikuja hivyo hivyo na kuni na unga, wakapika, wakachimba kaburi. Nilijua siko peke yangu.

Wiki tatu zilizopita ilikuwa zamu yetu. Nikafagia, nikatandika kitambaa cheupe mezani. Gentrix akataka avikwe gauni la kwaya. Tukangoja, wapi! Sanamu ilituruka ikaenda kwa mzee Onyuka. Kesho yake nikamuuliza Magdaline, ndiye mwenyekiti siku hizi. Akaangalia chini, eti, "Pole dada Perez, njia ya kwako ina matope."

Matope na kiangazi hiki! Ningemtukana, walahi, lakini niligeuka nikarudi nyumbani. Hayo maneno ni yangu, Paulinus. Nilipokuwa mwenyekiti, yule dereva Emukule aliugua vile vile, na mkewe akaja kuniuliza mbona tumeiruka nyumba yake. Niliogopa ugonjwa. Nikamwambia njia ina matope, na siku hiyo vumbi lilikuwa linatupofusha macho. Wenzangu walinisikia, wakajifunza. Emukule alizikwa na watu sita.

Juzi nilienda Amukura kwao yule mjane wa Emukule nimwombe msamaha. Nikaonyeshwa kaburi lake, nyasi zimeshaota juu yake. Sasa nitamwomba nani?

Nina ombi moja tu. Njoo, na uje na watu wanaojua kuimba, hata wawili. Gentrix haogopi kufa, anaogopa kuzikwa kimya. Usichelewe, tafadhali.

Nisalimie Sheilah, Eric na mama mkwe wako. Mungu awafunike, na mlango wenu usikose mtu wa kubisha hodi.

Ni mimi dadako anayekupenda,
Perez Nerima.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha niliposikia wanaimba. Gentrix naye alisikia, akaniomba nimfunge kitambaa kichwani haraka. Wimbo ukafika kwenye ua wetu, ukapita, ukaenda zake kwa kina Omollo. Akaniuliza, "Mama, mbona hawaingii?" Nimemwambia njia ina matope.