Santuri Yangu Juu ya Mpunga

Jumapili, Chimala

Mjomba Ambakisye ni adui yangu kuanzia leo. Nimeandika, basi.

Juzi niliacha santuri yangu chumbani kwake nikaenda Uyole. Leo narudi, naikuta shambani inaning'inia kwenye mti, inayumba juu ya mpunga, inafukuza ndege! Ni ya bendi moja ya roki ya ajabu, toleo la kwanza, wakusanyaji wa Ulaya wanaitafuta kwa tochi. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Mbeya alinipa mwenyewe, kwa kuwa mjini kote ni mimi tu niliyeisikiliza mpaka mwisho bila kuziba masikio.

“Mjomba, hii ni mali!”

“Mali gani? Siku ile ulivyoipiga nilidhani watu wanagonga madebe kuamia ndege shambani. Nikasema ikafanye kazi yake. Na tundu la kamba lilikuwepo tayari.”

Mshamba huyu! Jua limeshaikunja ukingo kama chapati. Sijui kama itaimba tena, na hilo ndilo linaniuma.

Nikaanza kuifungua.

“Fungua,” akasema, “ila kuanzia sasa santuri ni wewe.”

Ile naitoa tu kwenye kamba, ndege wakashuka kama mvua. Mjomba kakunja mikono, ananitazama. Nikaificha santuri ndani ya shati, nikaanza kupiga kelele mwenyewe.

Sauti imenikauka kabisa. Kesho alfajiri nasimama tena shambani, lakini santuri kwenye ile kamba hairudi, hata mjomba aninyime chakula.