Chauffage iliyokataa kuzimika siku ya kumzika Koko

Jumamosi. Nje baridi ya kukata masikio, ndani joto la kukaanga mandazi. Mkono wangu wa kuume umevimba kama mkate, naandika kwa kidole kimoja cha kushoto. Donc leo nitakuwa mfupi. Uongo, mnanijua.

Kwanza tuelewane. Hapa ugenini Molenbeek, upande wetu wa mfereji, hakuna kijana wa kunishinda kwa chauffage, mitambo ya kupasha nyumba joto. Nilisomea kazi hiyo miezi mitatu mizima. Mwalimu ndiye aliyenichoka, mimi sikumchoka.

Koko, baba yake maman, alifariki Bukavu Jumanne. Tangu hapo nyumba yetu ni ya matanga: viti vimetoka saluni, yaani sebuleni, magodoro yako chini, wamama wa kanisa wanaimba, na mlango wa barabarani uko wazi. Ndivyo tunavyofanya. Mtu aliyekuja kulia na wewe humfanyi apige hodi.

Mazishi yalikuwa leo saa nane za Bukavu, saa saba za huku. Binamu yetu angetuonyesha kwa simu, tuangalie kwenye televisheni.

Shida: tangu jana, baridi ilipokuwa kali, chauffage haikuzima hata dakika moja. Ukigusa radiateur ya saluni, kile chuma cha ukutani kinachotoa joto, unaacha ngozi. Dirisha lake la nyuma lilipakwa rangi zamani likaganda, halifunguki. Na maman ana presha. Saa nne asubuhi alianza kuniita kwa jina la Koko. Tantine Furaha, shangazi yetu ambaye ni nesi, akamshika mkono, akasema, "Joto hii isiposhuka mbele ya saa sita, naita ambulance. Mazishi ao hapana."

Maman akasema hatoki. Baba yake azikwe, yeye amelala hospitali akiangalia dari?

Wote wakanigeukia mimi. Bon, nani mwingine?

Nilianza kwa upole. Jikoni kuna chaudière, lile sanduku la gesi linalochemsha maji ya radiateur. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Hakikusikia. Nikakibonyeza kwa ngumi, kikazama ndani, hakikurudi. Nikalipiga sanduku teke. Nikalipiga na mwiko wa bugali, mwiko ukavunjika, wamama wakaacha kuimba. Nikachukua spana kubwa niliyotoka nayo shuleni (msiulize), nikalipiga ubavuni mpaka chuma kikabonyea, huku nalitukana kwa lugha nne.

Likaendelea kunguruma.

Ikabaki robinet, koki ya kufungia gesi, chini kabisa, imeshika kutu. Nikainua spana.

Kaka yangu Trésor akanidaka mkono kwa nyuma. "Iyo ni gesi, mjinga. Batu wamejaa humu ndani."

"Niache. Fundi ni mimi."

"Fundi ya miezi tatu," akasema, akacheka.

Nilimpiga. Si kofi. Ngumi, mdomoni, na nilisikia jino likivunjika kabla sijasikia uchungu wa mkono wangu. Naye akanishika shingo, akanigonga kichwa kwenye friji mara mbili. Sufuria ya maharage ikamwagika, tukateleza, tukaanguka humo, nikamuuma bega. Ndiyo, nilimuuma. Nina miaka kumi na tisa.

Tonton Déo, baba yetu mdogo, akanikamata kola, akanitupa barabarani nikiwa na soksi tu miguuni. Kwa hasira nikageuka, nikaubamiza mlango kwa nguvu zote. Kioo chake kikapasuka toka juu hadi chini.

Nilisimama pale, damu ya kaka yangu kwenye shati. Bomba la chaudière linatokea ukutani, kando ya mlango, linapumua mvuke mweupe. Nikaanza kulitukana nalo. Sijamaliza matusi, mvuke ukakatika: chaudière imezima.

Thermostat.

Kale kasanduku kanakopima baridi na kuiambia chaudière iwake. Ketu kako kwenye korido, hatua mbili kutoka mlangoni. Mlango wazi, upepo wote wa barabara unakapiga, kanadhani tumeganda, kanaomba moto. Na kule saluni maman anaiva. Nilipoubamiza mlango, upepo ukakatika, kakaacha kuomba.

Wiki ya kwanza mwalimu alituambia: kabla ya kugusa chochote, angalia thermostat. Siku hiyo nilikuwepo darasani. Nilikuwa nachekesha watu.

Tonton alipotaka kufungua niliushikilia mlango kwa nje, nikapiga kelele kwenye ufa wa kioo mpaka akaelewa.

Saa saba maman, kitambaa cha maji kichwani, Tantine kamshika mkono, alimwona baba yake kwenye televisheni akishuka kaburini. Trésor hakuona. Alikuwa hospitali, jino kwenye kikombe cha maziwa. Na ni Trésor aliyelelewa na Koko. Mimi nilimjua kwa simu tu.

Maman ameamua: mlango ufungwe, lakini mtu asipige hodi. Basi nimesimama nyuma ya mlango mchana kutwa. Nikisikia viatu, nafungua. Kila papa, kila mzee anayeingia, anauliza, "Na mukono?" Najibu, chaudière. Wanaangalia damu kwenye shati, wanapita.

Saa kumi na moja nikasikia viatu ninavyovijua, vya Trésor. Ana ufunguo, hakuutumia. Nikafungua. Mdomo wake mkubwa kuliko mkono wangu.

"Funga," akasema. "Itawaka tena."

Akapita.

Sijamwomba msamaha bado. Kesho asubuhi atatoka kununua mikate ya wageni, na mlangoni nitakuwa mimi. Atapita mbele yangu akienda, atapita akirudi. Nitasema mara ya kwanza, au nitangoja arudi?