Sekunde Sita Baada ya Mama Kuaga

Jumatatu, 4 Machi

Jozi nne mezani. Spika ndogo za kuweka pembeni mwa kompyuta, amplifaya ndani yake, zote za bei ya chini. Bosi anataka jozi moja tu ya kuagiza kwa maduka yote. Ripoti Ijumaa, bila visingizio.

Nimezipa herufi: A, B, C, D. Nimefunga mapazia, nimepima kutoka kiti hadi meza, nikabandika utepe sakafuni ili mtu asinisogezee kiti. Fundi wetu kachungulia mlangoni – Dada Masikio, leo unasikia nini? Nikamwambia namsikia mtu asiye na kazi. Akacheka, akaenda zake.

A: besi imevimba, ngoma zote zinakuwa ngoma moja. B: mwimbaji kafungiwa kabatini. D: nzuri kidogo. C kesho. Masikio yamechoka, na yakichoka yanasema uongo.

Jumanne, 5 Machi

C leo. Ngoma, kinanda, halafu Mama.

Sijawahi kumwambia Bosi kwamba kipimo changu cha mwisho ni Mama. Ujumbe wake wa sauti, ule wa mwisho, miaka miwili sasa. Muziki unaweza kunidanganya. Mama hawezi. Spika ikimpa Mama mafua naandika: sauti ya katikati hafifu. Maneno nayajua yote. Kafua mapazia, hayajakauka. Kishikio cha ngazi kinatikisika na kila siku Kaka anasema kesho. Nije Jumapili, nisichelewe. Kicheko. "Haya mwanangu, baadaye." Hapo huwa nazima. Baada ya hapo ni yeye tu anahangaika na simu, anatafuta pa kubonyeza, na mimi hiyo siiwezi. Aliutuma saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa kumi na moja Kaka alifika, akamkuta chini ya ngazi, amekwisha.

Leo sikuzima. Spika za bei hii zina mvumo wa ndani, shhh, na huwezi kuusikia mpaka pawe kimya. Nilihitaji kimya cha mwisho. Mvumo mdogo, sawa. Halafu – zzzip, tak! Kali, kama iko begani kwangu.

Nimeandika: C inakwaruza sauti za juu. Haifai.

Jumatano, 6 Machi

Fundi kaifungua C. Haina kitu. Koni nzima, waya mzima. Tukahamisha ya kushoto kulia: zzzip, tak. Tukabadilisha kebo: zzzip, tak. Fundi akakodolea skrini. Akasema hitilafu ya spika haina saa maalumu, lakini hii inakuja sekunde sita baada ya huyu mama kuaga, kila mara. Imo kwenye rekodi, Dada. Kwani huyu mama ni nani?

Nikasema sampuli tu. Sijui kwa nini nilidanganya.

Nikaiweka kwenye D, nikaongeza sauti: ipo, mbali. Kwenye A haipo, besi imeimeza. Kwenye hedifoni: ipo. Miaka miwili ilikuwa ipo! C imetengenezwa vibaya, sauti ya juu imezidi kiasi, na ubaya huo ndio umeivuta mpaka mbele.

Fundi anasema inafanana na tepu ya kupimia, ile ya chuma, ukiivuta halafu ukaiachia irudi. Nikamwambia nenda kale.

Alhamisi, 7 Machi

Kaka ni seremala. Tepu iko mfukoni hata akienda harusini. Akiwa na mawazo anaivuta na kuiachia, vuta, achia. Mama alikuwa akimgombeza – utanitoboa kichwa na hicho kidude!

Inaweza kuwa kitu kingine. Zipu ya mkoba. Pete za pazia. Nimevirekodi vyote viwili asubuhi, nikasikiliza. Hapana.

Kwa daktari, kwa wajomba, kwangu, Kaka alisema lile lile: siku ile hakukanyaga pale kabla ya saa kumi na moja.

Na sasa nimekumbuka kishikio. Jioni ile, nyumba imejaa watu, nilipanda juu kutafuta shuka ya kumfunikia. Nilikishika kishikio nikipanda. Hakikutikisika. Skrubu mpya, zinang'aa. Nikasema moyoni, afadhali, Kaka kakitengeneza. Sikujiuliza lini. Saa tisa na dakika kumi Mama anasema kinatikisika. Saa kumi na moja Kaka kapiga yowe, majirani wakajaa. Kati ya hapo na hapo kuna mtu alishika bisibisi, Mama akiwa bado mzima au tayari yuko chini.

Naogopa. Simwogopi yeye. Naogopa kujua.

Ijumaa, 8 Machi

Ripoti nimetoa. Nimechagua D. Bosi akauliza C ina kasoro gani, mbona ndiyo rahisi kuliko zote. Nikasema inachosha masikio. Ni kweli, ila si yote.

Kaka kapiga simu mchana. Anakuja kesho kupima ukuta wangu wa rafu. Miezi minane ananiahidi rafu hiyo, na kesho ndiyo kapata nafasi! Ningeweza kusema nina safari. Nimesema karibu.

Nimeondoka na C kwenye mfuko.

Jumamosi, 9 Machi

Kaja saa nne asubuhi, mkate kwapani, utani mdomoni. Kadogo – bado ananiita hivyo – chumba chenyewe hiki, rafu utaiweka kichwani? Nikacheka. Nilicheka kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nampenda.

Akapima ukuta. Vuta, achia. Kila tak ikinigonga kifuani.

Nikamwambia kaa hapa, niazime masikio, si wifi anataka spika za kompyuta? Akakaa. Nikaweka ngoma. Akatikisa kichwa – hizi zinapiga, hizi! Kinanda. Akasema zina kelele kidogo. Ana masikio mazuri, sote tulimrithi Mama.

Halafu nikamweka Mama bila kumwambia.

Hajawahi kuusikia ujumbe ule. Kwenye msiba nilimletea simu, akaisukuma, akasema hawezi. Nilimwonea huruma wakati ule. Tangu hapo sikumgusia tena.

Mama akaanza. Kaka akasema, Ah, Kadogo, kwa sauti ndogo. Hakunizuia. Tepu mkononi, vuta, achia. Mapazia. Kishikio – tepu ikapunguza mwendo. Jumapili. Kicheko. "Haya mwanangu, baadaye."

Kaka akaibana tepu kwa kidole gumba. Akaiweka mezani taratibu, kama anaweka yai. Akafumba macho, akangoja.

Akangoja! Mtu asiyewahi kuusikia!

Zzzip, tak.

Hakushtuka. Alifumbua macho akanitazama mimi, hakuzitazama spika. Nikasema nakwenda kuchemsha chai.

Niko jikoni. Daftari nimeliweka juu ya friji, naandika nimesimama. Maji yamechemka zamani, sijayaondoa, nataka yaendelee kupiga kelele. Mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Nilidhani ataondoka. Nilitega sikio kwa mlango wa nje. Haukufunguka.

Karudisha nyuma. Hakuanzia mwanzo. Pale pa kishikio. "Kinatikisika, na kila siku kaka yako anasema kesho." Anasimamisha. Anarudisha. Kinatikisika. Anarudisha. Mara ya nne sasa. C inaleta kila herufi mpaka huku jikoni, safi kabisa.

Kimya. Kazima.

Kiti kimesogea, nimesikia mguu wake ukikwaruza sakafu. Kaka bado hajatembea.

"Kadogo."

Haiti kwa nguvu. Anaita kama zamani, akivunja kitu na kutaka nije nione kabla Mama hajarudi.

"Kadogo, njoo."

Nimezima jiko. Sijatoka.