Mke wa Waziri Kwenye Televisheni

Kiriaini, Juni 1983

Baba Ngendo,

Sisi ni wazima, na mvua imefanya majani ya chai yawe mengi. Ninaandika Kiswahili ili askari wa jela anayesoma barua zetu asihangaike kutafuta mkalimani.

Jumapili, pale hoteli ya Tryphosa, televisheni ilirudia ule mchezo wa waziri aliyefungwa. Unakumbuka mkewe akisimama barazani na kumkana? Mwaka jana nilimtukana, nawe ukamtetea: "Anaokoa watoto wake. Mimi nikifungwa, ufanye vivyo hivyo."

Safari hii hakuna aliyemtazama. Watu walinitazama mimi, kwa sababu chifu alikuwa ameniita kwenye baraza ya Jumatano ili nikukane.

Nilienda. Nilisimama na Ngendo mgongoni, nikasema, "Mimi ni Wachuka, bibi ya Mathenge," nikaketi. Chifu akaniambia nisimame tena niseme vizuri. Nikasema vilevile, kwa sauti zaidi.

Tangu siku hiyo majani yetu yanakataliwa kwenye kituo cha kununulia chai. Basi nayabeba, nayamwaga mbele ya ofisi ya chifu.

Najua ningekukana ungenisamehe. Sikutaka msamaha wako.

Ni mimi, kwa mara ya tatu,
Wachuka, bibi ya Mathenge