Jivu, Mfuniko wa Tangi na Mguu wa Javan

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Nafula Mukhwana. Umri: miaka 74 kwa kitambulisho, kwa magoti ni zaidi. Kazi: nauza mboga za kienyeji. Makao: mtaa wa Tena, Nairobi. Tarehe: 12/3/2025, saa tatu asubuhi.

Hamna haya nyinyi. Mmemfungia mtu wa kazi tangu jana kwa sababu ya jivu, na huku mfuniko wa tangi langu unakauka. Konstebo Opicho ameniambia, "Kukhu, tulia," kama vile mimi ni bibi yake. Nimetulia. Andika.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa nne asubuhi, fundi Owiti alinimwagia mfuniko wa tangi la maji, lile la chini ya ardhi nyuma ya nyumba yangu. Nilikaa hapo kwa kiti nikimwangalia. Kila madebe manne ya simiti, alitia debe moja la jivu. Nikamuuliza, "Owiti, unanijengea ama unanizika?"

Akasema, "Mathe, hili si jivu la jiko. Ni la makapi ya miwa, limechomwa kwa moto mkali, nikalichekecha mpaka likawa kama poda. Simiti tupu hubaki na vitobo vidogo, maji yanapita humo yanakula vyuma. Hili jivu linashikana na simiti linaviziba. Lakini ni la polepole. Mwagilia kila siku, na mbao za chini zisitoke mpaka mwezi uishe."

Nilikubali. Sikusoma, lakini sakafu ya mama yangu kule Bungoma niliikandika kwa mikono hii. Najua kitu cha kungojewa. Owiti akatandika magunia, akawa anakuja asubuhi na jioni kuyalowesha.

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa mbili asubuhi, mwanangu Javan, miaka 46, aliingia na nyundo. Alitaka mbao za kibanda cha kuku. Nikamwambia, "Hizo mbao ndizo zimeshikilia." Akanijibu, "Siku tatu zimetosha, mathe. Simiti ni simiti." Akateremka tangini, akazing'oa zote. Halafu akapanda juu ya mfuniko ajipige picha ya kuwatumia shemeji zake.

Mguu wa kulia ulizama mpaka paja. Kiatu kikaanguka ndani. Jirani yangu Muhiba alichungulia uani akamuuliza, "Baba Vivian, siku hizi wewe ndio kizibo?" Tulimtoa watu wanne na mafuta ya kupikia. Hakuumia popote, isipokuwa jina.

Saa tano akaja hapa na kiatu kimoja, akasema Owiti ameiba simiti akaweka jivu. Mbao hakutaja. Ziko chini ya kitanda chake hata sasa.

Afande ameniuliza nina ushahidi gani. Nimetoa vipande viwili kikapuni. Cha kwanza ni cha ngazi ya mlangoni kwa Javan, aliijenga mwenyewe mwaka jana, simiti tupu na maji kama uji. Cha pili kilibaki Owiti alipomjengea Muhiba mahali pa kufulia, mwaka huohuo, kwa jivu hilihili. Nimevimwagia vyote chai ya afande. Cha Javan kimeinywa. Kwa cha Owiti, chai imekaa juu inatuangalia.

Javan nimemzaa mimi, na inaniuma kusema haya mbele ya watu. Lakini aliyelala seli yenu pia ana mama. Shimo la mguu litazibwa. Mfuniko uliobaki ukikosa maji leo kwa jua hili, utapasuka, utakuwa na vitobo kama mandazi, na wajukuu wangu watakunywa uchafu.

Niliyoyaona nimeyasema, hata moja sirudishi. Mfungulie Owiti, mpe mkanda wake mliomvua, akamwagilie kabla ya saa sita.

Dole gumba la Nafula Mukhwana

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akanirekebisha mara tatu. Kielelezo cha kwanza kimekunywa chai yangu yote. Shahidi amekataa kutoka kwenye kiti changu. Mkubwa wa kituo ameagiza: Owiti aachiliwe sasa hivi, Javan aitwe, aje na mbao zote.
Konstebo Opicho