Kocha Atasimama Wapi Jumamosi

Mpendwa Bi. Ostergaard,

Naomba ushauri katika safu yako ya gazeti kabla ya Jumamosi. Mimi ni kocha wa futiboli ya Kimarekani, hii yetu ya kofia ngumu, katika chuo kidogo hapa Nebraska, chuo kilekile nilichokichezea nikiwa mrusha mpira hadi goti likaharibika, nikaenda kufundisha sekondari, nikarudi kuwa msaidizi, na sasa timu nzima ni yangu, na ndani yake yumo mwanangu Tobin, ambaye siku ya kwanza nilimwambia kwamba uwanjani mimi si baba, aniite Kocha kama wenzake, naye akatii, akafanya mazoezi miaka yote huku akikaa benchi, kwa kuwa hana kasi, nami sitaki kuambiwa nampendelea. Jumamosi tunacheza nyumbani kwa mara ya mwisho, siku ambayo wanaomaliza chuo huingia uwanjani pamoja na wazazi wao, nami husimama katikati kumpa kila mmoja mkono, basi juzi tukiwa tunakula mikate ya nyama na kabichi, Tobin akasema, "Kocha, Jumamosi usihangaike. Mjomba Verlin atatembea na mimi na Mama."

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Baba Tobin, unasikia mtoto anavyokuita mezani?"

"Ni mazoea tu," nikasema.

"Mazoea! Na mimi nikuite Kocha, uniweke benchi?"

Tobin hakucheka. Nikitembea naye, nani atawapokea wenzake walionipa miaka yao? Nisipotembea naye, je, nitakuwa nimempoteza?

Kocha L. Hruska

Bwana Hruska,

Hata barua inayomhusu mwanao umeitia sahihi "Kocha". Iangalie vizuri.

Kwa kumweka benchi hukukosea. Kama hana kasi, hana kasi, na Jumamosi usimchezeshe kwa huruma, maana ataitambua mara moja. Kosa lako ni kwamba ulimwekea mpaka uwanjani, kisha ukarudi nao nyumbani. Kijana ametii kuliko ulivyostahili. Amemwita mjomba wake ili usilazimike kuchagua mbele ya watu, nawe umeona nafuu kunyamaza.

Leo jioni zungumza naye. Usimwarifu, mwombe. Akikataa, kubali bila kununa, kwa sababu nafasi hiyo uliiacha wazi mwenyewe. Akikubali, mpigie shemeji yako Verlin umshukuru, kisha panga Tobin aingie wa mwisho. Wapokee wenzake wote kama ilivyo desturi yako, uwape mkono wazazi wao, halafu uvue kofia yako ya ukocha, uondoke katikati ya uwanja, uende hadi mlangoni walipo mwanao na mama yake, uingie nao.

Mtakapofika katikati, hapatakuwa na kocha wa kumpa Tobin mkono. Paacheni patupu, mpite.