Kuimba Marufuku, Kubonyeza Ruksa

Jumanne, 28 Mei

Vumbi limejaa tena kwenye feni ya kompyuta. Nimeisafisha kwa brashi ya rangi. Video ya harusi ya Kakola bado sijamaliza kuikata na kuipanga, na bwana harusi kanipigia simu mara mbili ananiuliza kama ninaweza kumtoa shemeji yake kwenye video. Nimemwambia naweza kumtoa, ila atatoka na nusu ya keki.

Mchana kaja Baba Jackline, mwenyekiti wa kwaya yetu. Kabeba sanduku jeusi, zito, kaliweka juu ya meza yangu bila kuuliza. Deki kubwa. Kainunua mtumba Mwanza, kutoka kituo cha televisheni kilichofungwa. Anaisifia kama ng'ombe wa maziwa. Uzinduzi wa video ya kwaya ni Jumapili ya tarehe tisa, skrini kubwa itatoka Kahama, na mtu wa kuiendesha deki hawana.

Nikamkumbusha niko chini ya nidhamu ya kanisa. Nimekatazwa kusimama na kwaya.

"Nimeshaongea na wazee, Mama Rebeka. Kuimba bado ni marufuku. Kubonyeza ruksa. Fundi hasimami mbele, anakaa nyuma ya pazia."

Jamani! Nikakubali. Nimejiuliza jioni nzima kwa nini nimekubali, na jibu ninalo. Hiyo video nilikuwa sijaiona.

Jumatano, 29 Mei

Siku nzima na deki. Haina kitabu. Maandishi yake ya Kiingereza yamefutika kwa vidole vya watu.

Kwanza umeme. Wa hapa Bugarama unapanda na kushuka, nikaipitisha kwenye stabilaiza. Ikawaka, ikavuma. Kisha flashi. Ikaigomea. Nikaifomati upya, ikaisoma. Kisha picha: inaruka, mtu akitembea anakwenda kwa vishindo. Nikagundua deki imewekwa kasi ya picha thelathini kwa sekunde na video yetu ni ishirini na tano. Nikabadilisha. Picha ikatulia.

Sauti ndiyo kazi. Mashine hii inabeba sauti nane, kila moja na njia yake. Fundi wa studio ya Kahama alizipanga mwenyewe: namba moja mwimbishaji, mbili na tatu kwaya, zilizobaki kinanda, gitaa na ngoma. Lazima uziambie zote zitoke pamoja. Na betri yake ya ndani imekufa. Ukichomoa waya wa umeme inasahau kila ulichoifundisha, na ukiiwasha inatoa namba moja tu.

Nimempigia Baba Jackline nikamweleza. Asiichomoe mtu. Kasema sawa, sawa, kwa ile sauti ya mtu asiyesikiliza.

Mwimbishaji ni mimi. Namba moja ni mimi.

Ijumaa, 31 Mei

Nimeiona.

Sauti tulirekodi Januari. Machi mwanangu Rebeka akaondoka na mchimbaji mmoja, wako Mwakitolyo. Hakuna ndoa ya kanisani. Wakwe wakaleta ng'ombe, baba yake akawapokea, akachinja na beberu. Yeye kanisani anaonekana Krismasi, hakuna wa kumtenga. Mimi ndiye wa kila Jumapili, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa mbele ya wazee. Ng'ombe kala yeye, nidhamu nakula mimi. Aprili kwaya ikaenda kupiga picha za video kwenye mawe makubwa, bila mimi.

Mbele kasimama Mama Jackline, mke wa mwenyekiti. Kavaa gauni la bluu, kashika kipaza sauti kisicho na waya wala betri. Anafungua mdomo, inatoka sauti yangu. Beti ya tatu, pale ninapopanda na kukaa juu mpaka pumzi inaisha, yeye kafumba macho na kuinua mkono mbinguni. Mkono mzuri. Bangili mpya.

Nilizima. Nikawasha nikaangalia tena. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Jumapili, 2 Juni

Kanisani. Benchi la nyuma karibu na mlango, ndiko tunakokaa sisi wa nidhamu. Leo tulikuwa mimi na mzee mmoja wa pombe.

Mama Jackline kanipa mkono baada ya ibada, kanisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, dada. Pole na kazi ya mashine." Mikono yake ilikuwa baridi. Siyo mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi, angekuwa mbaya ningepumzika.

Nikamfuata Baba Jackline. Nikamwomba kitu kimoja tu: siku ya uzinduzi mshereheshaji aseme kwamba anayeimbisha kwenye wimbo huu ni Mama Rebeka. Basi. Sitaki kusimama, sitaki sare, sitaki maua. Watu wajue sauti ni ya nani. Akasema, "Tutaangalia."

Najua maana ya tutaangalia.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimejaribu njia za sauti, moja moja. Ngoma peke yake. Kinanda peke yake. Halafu namba moja.

Sijawahi kujisikia hivyo. Bila kinanda, bila kwaya ya kunifunika. Pumzi zinasikika, na mate ninayomeza. Beti ya tatu sijayumba. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna wa kunisemea: ile beti niliimba.

Wimbo ukaisha, nikataka kuzima, ikatoka sauti nyingine. Ndogo, ya mbali kidogo. "Mama, tumemaliza? Nina njaa."

Rebeka. Siku ile nilikwenda naye Kahama, alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu. Fundi alisahau kuikata. Ukicheza zote pamoja huisikii, ngoma za mwisho zinaifunika.

Nilitaka kuifuta. Kidole kilishafika. Huyo njaa yake ndiyo iliyonikalisha benchi la nyuma. Tangu Machi sijampigia simu, na yeye hajanipigia. Nimeiacha. Sijui kwa nini. Kazi nyingi.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi ya mwisho. Deki imehamia kanisani, nimeifundisha upya, nimekaa nayo nyuma ya pazia lenye tundu la kuchungulia. Kwaya inasimama mbele ya skrini, wimbo unachezwa, wao wanafuata kwa midomo. Ndivyo kwaya zote zinavyofanya, hilo silalamikii. Unafuata sauti yako mwenyewe, kuna ubaya gani? Mwenzangu anafuata ya mwingine.

Mshereheshaji kafanya mazoezi ya kushukuru. Kamshukuru aliyeazima viti. Kamshukuru aliyetoa turubai, mwenye jenereta, kina mama wa pilau. Nikasubiri. Akamaliza.

Nikamwangalia Baba Jackline. Akawa bize na waya.

Jumapili, 9 Juni

Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Kanisa lilijaa, wengine dirishani. Mgeni rasmi mwenye maduara, mashimo ya kuchimbia, kutoka Nyarugusu, tajiri wa dhahabu, mnene, mcheshi. Ameahidi kwaya kinanda kipya na spika. Deki tangu asubuhi inaenda vizuri, picha safi, watu wanashangilia kujiona wakubwa kama mlango wa ghala.

Wimbo ulipofika katikati, mgeni akanyoosha mkono. Nikasimamisha. Akachukua kipaza sauti.

"Hizi sauti za kwenye mashine zizimwe. Muziki uache. Waimbe wenyewe niwasikie. Sisi duarani hatununui mawe mpaka tuponde kidogo tuone."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Baba Jackline akageuka rangi. Mimi nikafanya nilichoambiwa na mgeni rasmi. Nikafunga namba moja, mbili na tatu. Nikaanza beti ya pili. Kwaya ikajikongoja, si vibaya, wamezoea. Kibwagizo kikatoka. Halafu beti ya tatu.

Mama Jackline akafungua mdomo. Hakuna kitu. Kinanda kikaendelea peke yake. Akajaribu tena, ikatoka ka-sauti kama ka mtoto aliyeamshwa. Akanyamaza. Baba Jackline kwa pembeni ananipa ishara na kiganja: pandisha, pandisha. Kidole changu kilikuwa juu ya namba moja. Sikupandisha. Nilitaka wateseke. Nilitaka kila mtu ajiulize ile sauti imekwenda wapi.

Hawakujiuliza.

Waligeuka. Benchi la kwanza, la pili, mpaka la katikati, kina mama na waume zao na vijana wa dirishani, wote wakageuka kuangalia pazia langu. Hakuna aliyeuliza jirani yake. Hakuna aliyeshangaa. Walijua. Tangu siku ya kwanza walijua ni mimi. Nilidhani nimeibiwa kwa siri, kumbe nimeibiwa mchana, mbele ya watu waliokaa wakaangalia.

Bibi mmoja, mama yake mwenye mashine ya kusaga, akasema kwa sauti, "Si aimbe mwenyewe? Yuko pale." Mgeni akauliza, "Nani?" Mzee wa kanisa akasimama, akakohoa. "Huyo yuko chini ya nidhamu, mheshimiwa."

Mbele ya watu wote. Na wageni.

Nikapandisha namba moja. Nikarudisha na kwaya. Wimbo haujanikosea kitu. Sauti yangu ikajaa kanisa, Mama Jackline akainua mkono wake mbinguni, machozi yakimtoka kweli, na watu wakageuka tena mbele. Wakapiga makofi.

Jumatatu, 10 Juni

Sijafungua studio. Simu ya bwana harusi sijapokea.

Nawapitia mmoja mmoja kichwani. Anayeniuzia nyanya. Anayenisuka. Mwenzangu wa sauti ya pili, tumesimama bega kwa bega miaka, tumeshonewa sare kwa fundi mmoja. Wote wameniamkia tangu Aprili, habari za nyumbani, habari za kazi. Habari za sauti hakuna.

Nawachukia leo. Kesho nitaona.

Alhamisi, 13 Juni

Wazee wa kanisa wamekuja watatu, na Baba Jackline. Nimewachemshia chai.

Kumbe mgeni rasmi kinanda hajatoa. Kasema atatoa akimsikia mwenye sauti akiimba kwa mdomo wake. Sasa nidhamu yangu inaweza kupunguzwa. Miezi yote hii ilikuwa haipunguziki. Jumapili hii nisimame mbele ya kanisa, nitubu, niseme kwamba mwanangu amelitia aibu jina la Bwana, kwamba sikubariki na sitambariki, na mlango wangu hataukanyaga mpaka amwache yule mwanaume. Nikimaliza napewa sare. Naimba siku hiyohiyo.

Nitaandika ukweli: nilitamani. Niliiona sare. Nilijiona pale mbele, beti ya tatu, mdomo wangu na sauti yangu mahali pamoja. Nina hasira na Rebeka, na maneno hayo nimeshayasema peke yangu jikoni, na mabaya kuliko hayo.

Nikawauliza, "Wazee wangu, hapa mtaani mnaniita nani?"

Wakaangaliana. Yule mkubwa akajibu, "Mama Rebeka."

Nikawaambia basi. Siwezi kusimama mbele nikamkana mtu ambaye kila anayeniamkia ananiita kwa jina lake.

Chai hawakuimaliza. Baba Jackline akasema kwa hiyo deki, iliyokuwa imerudi kwangu baada ya uzinduzi, inaondoka. Kachomoa waya ukutani kwa hasira, wa umeme kwanza, kaviringisha nyaya zote, kabeba na deki. Nikamwambia ataijutia hiyo. Akasema kazi ya kubonyeza siyo ya Chuo Kikuu.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda. Nimefua mashuka uani. Baridi kidogo asubuhi, halafu jua.

Kwangu na kanisani ni mtaa mmoja, na spika zao mpya za kukodi zimeelekezwa nje. Nikasikia mahubiri, matangazo, sadaka. Kisha kimya, kisha mikwaruzo ya mtu anayehangaika na waya. Nikajua wanaiwasha deki.

Ikatoka sauti yangu. Peke yake. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna kwaya. Namba moja tu.

Nilisimama na shuka mkononi. Jirani yangu akaacha kupepeta. Wimbo wote ukapita juu ya mabati, beti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sijui kwa nini hawakuzima. Labda hawakujua pa kubonyeza. Pale juu nilikaa mpaka pumzi ikaisha, Bugarama yote ikasikia nikivuta nyingine.

Wimbo ukaisha. Halafu kwenye spika za kanisa, kubwa kuliko sauti ya mchungaji: "Mama, tumemaliza? Nina njaa."

Wakazima.

Nimeanika shuka la mwisho. Nimekausha mikono. Halafu nimempigia Rebeka, nikamuuliza leo wamekula nini.